UZI: Mbunge wa jimbo la korosho akizungumzia sera ya taifa, ipime kauli yake kwa kalenda, fungu na Hansard

Chikukwe (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Bunge la bajeti likikaribia, magrupu ya Mtwara na Lindi hujaa klipu za wabunge. Mmoja kawaka kuhusu tozo ya korosho, mwingine kaiomba serikali iwahishe salfa (dawa ya unga ya kupulizia mikorosho), wa tatu kaahidi lami. Chini ya klipu watu hugawanyika: wa kushangilia na wa kuzomea. Ni wachache wanaouliza kauli imetolewa kwenye kikao gani, mwezi gani, na inagusa fungu lipi la bajeti (sehemu yenye namba ya wizara, taasisi au mkoa). Maneno yaleyale yakisemwa Novemba, yakisemwa Juni, au yakisemwa Agosti kwenye mkutano wa hadhara, hayana uzito sawa hata kidogo.

Nachukua mfano wa tozo ya kusafirisha korosho ghafi ya mwaka 2018, kwa kuwa pale sera ya taifa na maslahi ya jimbo viligongana wazi, na kumbukumbu zipo.

Tozo ile ilikuwa asilimia 15 ya bei ya bandarini au dola 160 kwa tani, kinachotozwa ni kile kilicho kikubwa. Chini ya Sheria ya Tasnia ya Korosho ya 2009 kama ilivyorekebishwa, asilimia 65 ilirudi kwenye zao (pembejeo, utafiti, miche, masoko) na asilimia 35 ikaenda Mfuko Mkuu wa Hazina. Juni 2018 Muswada wa Sheria ya Fedha ukaja na kifungu cha kupeleka zote Mfuko Mkuu. Wabunge wa kusini, wa CCM na wa CUF, wakasimama upande mmoja. Walikuwa na madai mawili: kifungu kiondolewe, na zaidi ya shilingi bilioni 200 za mgao ambao Bodi ya Korosho haikuwa imepewa zitolewe. Kamati ya Bajeti wakati huo iliongozwa na Hawa Ghasia, mbunge wa Mtwara Vijijini, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hoja ilikosa mtu mahali pazito. Muswada ukapita hivyohivyo mwishoni mwa Juni.

Kwa nini walishindwa? Wengi husema ubabe wa wakati ule, na sikatai kwamba ulikuwepo. Ila kuna sababu ya kimfumo ambayo ingewabana hata kwenye Bunge tulivu. Muswada wa Sheria ya Fedha ukishasomwa, mapato ya kila kifungu yamekwisha kuhesabiwa upande wa mapato, na matumizi yamekwisha kugawiwa mafungu. Ukitoa kifungu unaacha shimo, na lazima useme litazibwa na nini. Ibara ya 99 ya Katiba hairuhusu Bunge kushughulikia jambo la kutoza kodi au kutoa fedha Mfuko Mkuu isipokuwa limependekezwa na Rais na kuwasilishwa na Waziri. Juu yake kuna Ibara ya 90, inayomruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa bajeti. Mbunge anayeanza vita yake Juni anaanza wakati hesabu imefungwa.

Nafasi halisi ni kati ya Septemba na Februari. Wizara ya Fedha huita mapendekezo ya maboresho ya kodi na tozo katika nusu hiyo ya mwaka. Novemba Bunge linajadili mapendekezo ya Mpango wa Maendeleo wa mwaka unaofuata na mwongozo wa bajeti, na hapo ukomo wa bajeti wa kila fungu unaanza kupata sura. Aprili hadi Juni ni kupitisha wizara moja moja. Hotuba kuu ya bajeti husomwa katikati ya Juni, na Muswada wa Sheria ya Fedha unapata kama wiki mbili tu kabla ya tarehe 30. Kwa hiyo ukiona mbunge wenu amepaza sauti Juni, fungua Hansard (kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge) ya Novemba iliyotangulia uone kama alisema neno.

Jambo la mwisho kwenye posti hii: bajeti kuu hupigiwa kura kwa kuitwa majina, kila mbunge anajibu ndiyo au hapana, na inaandikwa. Muswada wa Sheria ya Fedha hupita kwa sauti, "wanaoafiki" na "wasioafiki". Mbunge anaweza kuchangia kwa ukali dhidi ya tozo, akaiunga mkono bajeti kwa jina lake, kisha kwenye Sheria ya Fedha yenyewe msipate rekodi ya kura yake. Ulizeni zote mbili.

Mwana Ushirika

Mkuu Chikukwe, umeanza vizuri. Niongeze kwa nini ile asilimia 65 ilikuwa na uzito kuliko kiasi chake cha fedha. Shida ilikuwa tarehe.

Mkorosho kusini huanza kuchipua na kutoa maua kuanzia Juni na Julai. Ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, hushambulia machipukizi na maua machanga, kwa hiyo salfa ya unga inatakiwa iwe imefika kwa mkulima kabla maua hayajafunguka, yaani Mei, ikichelewa sana Juni. Kipimo kilichozoeleka ni gramu 250 kwa mti mkubwa kwa awamu moja, kila baada ya wiki mbili hivi, awamu nne au tano. Mwenye miti 100 anahitaji kilo 25 kwa awamu, yaani mfuko mmoja, na mifuko minne hadi mitano kwa msimu. Unapulizwa alfajiri, umande ukiwa bado upo na upepo haujaamka. Mfuko unaofika Agosti, wakati maua yameshaungua na kuwa meusi, haurudishi kitu.

Sasa angalia fedha. Korosho husafirishwa kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa mwaka, tozo inakusanywa miezi hiyohiyo. Fedha ikiwa inarudi kwenye zao moja kwa moja, inawezekana kuagiza salfa Januari na Februari ikafika Mtwara kwa meli kabla ya Mei. Ikiingia Mfuko Mkuu, inasubiri bajeti mpya ya Julai na mgao wa Hazina baada ya hapo. Julai awamu ya kwanza ya kupuliza imeshapita. Hiyo ndiyo hoja ambayo mbunge wa Tandahimba au Newala angetakiwa kuiweka mezani kwa tarehe, badala ya kusema tu kwamba korosho ni dhahabu ya kijani. Waziri wa Fedha hana jibu rahisi kwa kalenda ya mti.

Msimu wa 2017/18 uzalishaji ulikuwa kama tani 313,000. Msimu uliofuata ukashuka hadi kama tani 225,000. Nisieleweke vibaya, sisemi tozo peke yake ndiyo iliyoshusha: mvua, ugonjwa na mkorosho wenyewe kuzaa sana mwaka mmoja na kidogo mwaka mwingine vyote vimo. Ila pembejeo ni kitu pekee kati ya hivyo ambacho sera inaweza kukigusa. Ruzuku ya pembejeo ilirudi baadaye, na msimu wa 2024/25 tulivuka tani 500,000. Mbunge akidai sifa ya hilo, mwulize alisimama kikao gani kudai salfa iagizwe kabla ya Machi.

Mahesabu

Naingia upande wa halmashauri, maana hapo ndipo sera ya taifa inapogeuka dawati au choo cha shule.

Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Kwa mkulima ni nafuu, na wabunge wengi walishangilia. Kwa halmashauri inayoishi kwa korosho ilikuwa kupoteza mbili ya tano ya chanzo chake kikubwa, kwa tani zilezile na bei ileile.

Chukueni mfano wa hesabu. Halmashauri imeuza tani 10,000 kwa wastani wa shilingi 2,500 kwa kilo. Thamani ni bilioni 25, ushuru wa asilimia 3 ni milioni 750. Halmashauri yenye mapato madogo inatakiwa kupeleka asilimia 40 ya mapato ya ndani kwenye maendeleo (kubwa zaidi hupeleka zaidi), hapo ni milioni 300. Ndani ya mapato hayohayo kuna asilimia 10 ya mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, jumla milioni 75. Bei ikishuka hadi 1,800, ushuru unakuwa milioni 540 na maendeleo milioni 216. Milioni 84 zimeyeyuka bila diwani yeyote kukosea, na kwa kawaida miradi iliyopangwa haipunguzwi kwenye makaratasi. Ndiyo maana mnaona bango la mradi bila mradi.

Mwaka 2018 ilikuwa mbaya zaidi. Wakulima walikataa bei za minada ya Oktoba, tarehe 12 Novemba Rais Magufuli akaagiza jeshi libebe korosho na serikali inunue kwa 3,300. Bei nzuri kwa kilo, lakini ushuru wa halmashauri kwa kawaida hutolewa na mnunuzi wa mnadani. Mnunuzi akiwa serikali, halmashauri zikabaki zinadai. Madiwani wakapitisha bajeti wakihesabu ushuru ambao haukuingia kwa wakati.

Kuna tatizo jingine la kudumu. Mwaka wa fedha unaanza Julai, minada inaanza Oktoba, ushuru unaingia Novemba hadi Februari. Robo ya kwanza halmashauri ya korosho haina kitu. Mradi wa mapato ya ndani uliopangwa kuanza Julai utaanza Januari, mvua zikiwa zimeshika, lori la mchanga halipiti. Diwani anayejua kazi yake anaweka miradi ya mapato ya ndani robo ya tatu na ya nne, na ya robo ya kwanza anaiacha kwa fedha kutoka serikali kuu.

Nanyanga

Wakuu, kwa maelezo haya mbunge hana kazi. Ibara ya 99 imemfunga, halmashauri haina hela, Hazina inaamua. Sasa tunamchagua akafanye nini Dodoma? Na hizo "nimeiomba serikali" zina faida gani?

Chikukwe

Ndugu Nanyanga, swali zuri. Ana kazi, ila ni kazi ya kubana, na kubana kuna ufundi wake.

Baada ya mjadala wa bajeti ya wizara, Bunge linakaa kama Kamati ya Matumizi na kupitia mafungu. Kilimo ni Fungu 43, Tume ya Maendeleo ya Ushirika Fungu 24, TAMISEMI Fungu 56, Maji Fungu 49, Afya Fungu 52, Mkoa wa Mtwara Fungu 80, Lindi Fungu 76. Wakifika kwenye mshahara wa Waziri, mbunge anaruhusiwa kuomba ufafanuzi wa jambo moja la kisera. Asiporidhika anashika shilingi, yaani anatoa hoja ya kuondoa shilingi moja kwenye mshahara huo. Wenzake wanachangia, Waziri anajibu, kisha ama shilingi inarudishwa au inapigiwa kura. Muda ni mdogo. Ukiisha, mafungu yaliyobaki yanapitishwa kwa mkupuo.

Wengi wanapoteza nafasi hii kwa sababu wanauliza swali pana: "Serikali ina mpango gani na wakulima wa korosho?" Jibu lake limeshaandikwa: serikali inatambua umuhimu wa zao na itaendelea. Swali linalobana lina kitu kimoja, kiasi na tarehe. Tani ngapi za salfa zitakuwa kwenye maghala ya vyama vikuu ifikapo tarehe 15 Mei, na ziko kwenye kasma (kifungu cha matumizi) ipi? Waziri akitaja namba, Hansard imeandika, na Novemba mbunge ana kitu cha kurudia. Asipoitaja, shilingi ina sababu ya kushikwa.

Halafu jifunzeni kusoma majibu. "Kadiri fedha zitakavyopatikana" maana yake hakuna fungu. "Imetengewa" maana yake ipo kwenye vitabu vya bajeti, fedha bado. "Imetolewa" ni fedha imefika kwenye akaunti ya halmashauri au wakala. "Taratibu za manunuzi zinaendelea" ni hatua ya kabla ya mkataba, na inaweza kukaa hapo mwaka mzima. Mbunge akija jimboni akageuza "imetengewa" kuwa "imekuja", amewapotosha, hata kama kwa nia njema.

Kuhusu "nimeiomba serikali": ikiwa ni swali la msingi lenye namba ya swali, lina jibu la maandishi na maswali mawili ya nyongeza. Ikiwa ni sentensi kwenye mchango wa dakika chache, haijaomba chochote kinachodaiwa kujibiwa. Tofauti hiyo inaonekana kwenye Taarifa Rasmi, inayopatikana kwenye tovuti ya Bunge bure.

Bi Lukuledi

Kaka Chikukwe, ruhusu niguse na tozo ya miamala, kwa sababu inaonyesha upande wa pili. Sheria ya Fedha ya 2021 ilipita Juni, makato yakaanza tarehe 15 Julai 2021, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi. Wabunge walioipitisha kwa sauti walirudi majimboni wakakuta watu wanatoa fedha zote mara moja wasikatwe tena. Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30, na miaka iliyofuata ikaendelea kupunguzwa na kuondolewa. Pale kelele za jimbo zilifika haraka kwa sababu kila mwenye simu alikatwa siku ileile. Tozo ya korosho haikuonekana hivyo. Mkulima haoni risiti ya tozo ya kusafirisha, anaona tu bei ya mnada na makato ya AMCOS (chama cha msingi cha ushirika). Mzigo wa mnunuzi unarudi kwake ndani ya bei bila jina. Kwa hiyo mbunge wa zao la biashara ana jukumu zaidi la kueleza, maana watu wake hawawezi kulalamikia kisichoandikwa kwenye stakabadhi.

Na fedha za tozo ya miamala ndizo zilizoenda kwenye vituo vya afya vya tarafa na maboma ya madarasa (majengo yasiyokamilika) kwa milioni 12.5 kila boma. Mbunge aliyeikosoa tozo Julai alikata utepe wa darasa mwaka uliofuata. Sioni ubaya, ila wapiga kura wanastahili kuambiwa vyote viwili kwenye mkutano mmoja.

Fundi Mchundo

Dada Lukuledi umetaja maboma, hapo nikae kidogo, kwa sababu ndiyo kero inayoongoza kwenye kata nyingi na ndiyo ahadi rahisi kuliko zote kutoa.

Sera ya Afya ya 2007 na Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM) ulioanza mwaka huohuo ulisema zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata. Wananchi wakaitikia wakajenga maboma. Baadaye serikali ikahamia kwenye kata za kimkakati na tarafa, na maboma yakabaki. Mbunge akisema "tutamalizia boma lenu", haya ndiyo ya kuangalia.

Kwanza ramani. Boma lililojengwa bila ramani ya TAMISEMI hukataliwa na mhandisi wa halmashauri, au hubomolewa vyumba na kuta kusogezwa, na hiyo fedha haikuwa kwenye makadirio. Fedha ya kumalizia zahanati iliyokuwa ikitolewa miaka ile ni milioni 50 kwa boma, na inatosha tu kama kuta zimefika lenta (mkanda wa zege juu ya madirisha), zimenyooka, na lenta ina nondo za kutosha zilizofungwa ringi. Lenta iliyomwagwa zege lenye nondo mbili nyembamba, bila ringi, hupasuka juu ya madirisha mara kenchi zikipanda. Dawa ni kuvunja na kumwaga upya. Hapo milioni kadhaa zimekwenda kabla ya bati la kwanza.

Boma lililosimama misimu mitatu ya mvua bila paa, hasa la tofali za udongo au za saruji kidogo, huliwa na mvua sehemu ya juu ya kuta. Kozi mbili tatu za juu zinatolewa. Kwa hiyo kama fedha haionekani mwaka huu, ni afadhali kijiji kisimamie msingi na jamvi (zege la sakafu) vizuri kuliko kuharakisha kuta ili mbunge aone.

Mwite mhandisi akague msingi kabla ya zege na aandike. Weka muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji unaotoa eneo, wenye orodha ya mahudhurio na saini. Fedha ikija, kazi hufanywa kwa mafundi wa kawaida chini ya kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi, ya mapokezi. Mtu mmoja asikae kwenye mbili. Vifaa vinavyopotea hupotea pale aliyenunua ndiye aliyepokea: mifuko 200 kwenye hati, 160 stoo.

La mwisho, na ndilo linalosahaulika kuliko yote: ikama, yaani nafasi za watumishi. Zahanati iliyokamilika bila nafasi za watumishi kuombwa kwenye bajeti ya mishahara itabaki imefungwa, rangi inapauka. Maombi ya ikama yanaingia mwaka mmoja kabla. Jengo linalotarajiwa kuisha Machi, watumishi wake walitakiwa wawe kwenye bajeti iliyopitishwa Juni iliyopita. Mbunge akiuliza swali bungeni kuhusu zahanati, aulize jengo na watumishi kwa pamoja, la sivyo amepata nusu.

Nanyanga

Nimekuelewa Fundi. Na Mfuko wa Jimbo je? Si huo angeutumia kumalizia maboma yote?

Mahesabu

Hautoshi, ndugu. Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo una sheria yake ya 2009. Asilimia 25 ya fedha za nchi nzima hugawanywa sawa kwa majimbo, iliyobaki hufuata idadi ya watu (45), kiwango cha umaskini (20) na ukubwa wa eneo (10). Jimbo moja hupata makumi ya milioni kwa mwaka. Jina lenyewe la mfuko linasema kazi yake: kuchochea. Mabati ya shule moja, mifuko ya saruji ya msingi, pampu ya kisima. Ukiigawa kwa kata zote kila moja inapata kiasi kisichomaliza kitu, na huo ndio ugonjwa wake mkubwa, maana mbunge hataki kata yoyote inune.

Mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati, afisa mipango wa halmashauri katibu, wamo madiwani wawili, watendaji wa kata wawili na mjumbe wa asasi ya kiraia. Fedha hukaa akaunti ya halmashauri na hukaguliwa na CAG (Mkaguzi Mkuu wa serikali). Kwa hiyo "nimetoa mfukoni kwangu" na "Mfuko wa Jimbo umetoa" ni vitu viwili tofauti. Omba muhtasari wa kamati kwa afisa mipango, utaona ni ipi.

Kitaya

Swali kwa wajuzi: barabara yetu mbunge anasema ameomba ipandishwe hadhi iende TANROADS (wakala wa barabara kuu), kwa kuwa TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) hawana fedha. Hii ni njia ya kweli au ni maneno?

Fundi Mchundo

Ni njia ya kweli ila ndefu, na mara nyingi si ya lazima. Tangu 2017 barabara za wilaya ziko TARURA, barabara kuu na za mkoa ziko TANROADS. Kupandisha hadhi, ombi linaanzia Baraza la Madiwani, linapita Bodi ya Barabara ya Mkoa, ambako mbunge naye huketi, kisha linakwenda kwa Waziri wa Ujenzi na kamati yake ya kukagua vigezo vya Sheria ya Barabara ya 2007. Barabara iunganishe makao makuu ya wilaya, mikoa, au kituo kikubwa cha uchumi. Ya kutoka kijiji hadi ghala la AMCOS haina sifa hizo, itarudi.

Kwa barabara kama yenu, kinachokata mawasiliano kwa kawaida ni sehemu mbili au tatu tu: mteremko wenye mfinyanzi na kijito kisicho na kalavati. Kilomita 18 za changarawe ni ombi litakalosubiri. Kalavati mbili na mita 600 za kokoto pale panaponasa ni ombi linaloingia mpango wa mwaka wa meneja wa TARURA wa wilaya. Tangu 2021/22 kuna shilingi 100 kwa lita ya mafuta kwa ajili ya barabara hizi, kwa hiyo "hakuna fedha" si jibu kamili. Mwombeni mbunge apeleke alama za kilomita na picha za Machi. Picha za Agosti barabara ikiwa kavu hazimsaidii mtu.

Na muhimu kwa korosho: kalavati ziwe zimekamilika kabla ya Oktoba. Korosho iliyokwama kijijini mvua zikianza hupata unyevu, ubora unashuka kwenye vipimo vya ghalani, na mnada unaipa bei ya chini. Hapo barabara imeshageuka makato.

Chikukwe

Kitaya, kama kijiji chenu kinataka kuwahi bajeti ijayo, mkutano mkuu wa kijiji wa robo ya Oktoba hadi Desemba ndio wa kupitisha vipaumbele. Visizidi vitatu, kila kimoja na makadirio. Muhtasari uende Kamati ya Maendeleo ya Kata kabla ya mwisho wa Desemba, diwani aingie nao kwenye Kamati ya Fedha Januari, na nakala apewe mbunge akiwa bado jimboni, maana naye ni mjumbe wa Baraza na ana haki ya kusimama pale. Baraza likishapitisha, mpango unakwenda Kamati ya Ushauri ya Wilaya, ya Mkoa, TAMISEMI, Hazina. Wanaokuja na barua Machi huambiwa mfumo wa kupangia bajeti wa PlanRep umefungwa, na mara nyingi ni kweli.

Atakayekuwa na muhtasari wa aina hiyo uliofanyiwa kazi, aeleze hapa hatua uliyokwamia na sababu waliyopewa, bila majina ya watumishi, tuipitie pamoja.